Ada ya Mgeni

Siku ya kwanza niliporudi uwanja wa gofu baada ya msiba, karani wa mapokezi alisimama kunisalimia, akanipa pole mara tatu, kisha akanichapia tiketi ya mgeni.

Nilidhani amekosea. Nikaisoma, nikaigeuza, nikamrudishia.

"Mwanangu, hii ya nani?"

"Yako, Mwalimu."

"Mimi ndiye mgeni?"

Akaikodolea macho kompyuta yake. "Mfumo unasema uanachama umefungwa. Ulikuwa kwa jina la Mzee. Sasa mwanachama mkuu akifariki, yule mwenzi wake..." Akawa anatafuta neno.

"Anafariki naye?"

"La, Mwalimu! Jamani! Anakuwa mgeni."

Miaka thelathini na mmoja nimeingia kwa mlango ule. Nilikuwa mwalimu wa hesabu wa sekondari, mume wangu alikuwa mpima ardhi, na kila Jumamosi asubuhi tulitia fimbo zetu kwenye buti la gari tukaja kugombana mashimo kumi na nane. Yeye alikuwa akipiga mbali na kupotea vichakani, mimi napiga karibu lakini najua ninakokwenda. Nimewaona makatibu saba wakija na kuondoka. Karani huyu nilimfahamu tangu hajaota ndevu. Leo ananiambia nasimama kaunta moja na mtalii aliyeteremka jana kwenye ndege.

Nyuma yangu walikuwapo watu wanne wanasubiri, wakijitia hamnazo kama watu wanavyofanya wanaposikia kila neno. Nikalipa. Ada yenyewe ilikuwa kubwa kiasi kwamba nilitegemea angalau mtu anibebe mgongoni mpaka shimo la kwanza. Badala yake nikafungiwa kikaratasi cha njano kwenye begi langu, ili kila mtu ajue kwa mbali kwamba huyu si wa hapa, nikaambiwa wageni wanaanza saa nne, jua likishapanda, baada ya wanachama. Ukimaliza una saa moja ya kukaa barazani, kisha uondoke. Nilicheza vibaya mno siku ile. Nilikuwa na hasira hata mpira ukawa unaniogopa.

Jumamosi iliyofuata shemeji yangu, mdogo wake marehemu, akasema niache kuhangaika, yeye ni mwanachama na mgeni anayekuja na mwanachama hulipa nusu, tena huanza naye asubuhi. Nikamshukuru. Sikujua nimejiuza. Maana shemeji ana sauti ya mnadani, na kila tulipofika mapokezi aliitoa yote.

"Huyu ni mgeni wangu! Mwandikie hapo, mgeni wangu!"

Mimi ndiye niliyemfundisha kushika fimbo. Enzi hizo alikuwa akipiga nyasi mpaka unadhani amelipwa kufyeka. Sasa kwa sababu ametia sahihi kwenye daftari, akaanza kunielekeza. Nilegeze mabega. Nisiharakishe. Niinamishe kichwa. Kila shimo nasaha, na mimi najikaza kisabuni, namwambia ahsante shemeji, kwa kuwa nimeingia kwa mgongo wake. Jumamosi sita nilimeza mate namna hiyo. Ya saba, karani akafunua daftari, akahesabu kwa kidole, akasema kanuni hairuhusu mwanachama kumleta mgeni huyo huyo zaidi ya mara sita kwa mwaka.

"Kwa nini?" niliuliza.

"Ili wageni wasizoee, Mwalimu."

Ningempa za uso, lakini si yeye aliyeitunga. Nikalipa ada nzima, nikafungiwa tena kikaratasi changu.

Basi nikamwendea katibu kuomba niingizwe tena. Katibu alikuwa mpole sana, mpole wa kuudhi. Akanieleza kwamba hakuna kitu kinachoitwa kuingizwa tena, kwa kuwa sikuwahi kuwa ndani. Nilikuwa mwenzi. Mwenzi hana namba yake, anatumia ya mwenzake. Nikitaka, nijaze fomu kama mtu mpya yeyote, nilipe kiingilio, kisha ada ya mwaka. Akanisogezea karatasi ya bei kwa ncha ya kidole.

Hapo sikuwa na wa kumlaumu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Tulipojiunga zamani zile, zilikuwapo njia mbili: kila mtu awe mwanachama kamili, au mmoja awe mkuu na mwingine awe mwenzi kwa nusu bei. Mzee alitaka tuwe kamili sote wawili. Mimi ndiye niliyechukua penseli. Nikapiga hesabu mbele ya katibu wa wakati huo, nikaonyesha tutakavyookoa, tukacheka, tukajiona wajanja. Hesabu yenyewe haikuwa na kosa hata moja. Niliiangalia kila upande isipokuwa ule wa mmoja wetu kufa.

Nikarudi nyumbani na karatasi ya bei. Nina tabia mbaya ya kupima kila kitu kwa kipimo kimoja, kwa hiyo nikapima kwa ada za mgeni. Nikicheza kila wiki, nikatoa wiki mbili za mafua, kwa mwaka nitalipa ada hamsini. Ada ya mwaka ya mwanachama ni sawa na ada za mgeni thelathini. Naokoa ishirini. Lakini kiingilio ni sawa na ada mia mbili na ishirini. Gawanya. Miaka kumi na moja ndipo uanachama uanze kunilipa. Nina miaka sitini na sita.

Nilimwambia shemeji tu. Lakini shemeji ana mdomo, na Jumapili mwanangu akaja na kompyuta yake kwapani.

Mwanangu anafanya kazi kampuni ya bima. Ni mtoto mzuri, ananipenda, hata mboga ananiletea, ila kazi ile imemharibu kidogo. Akaisogeza bakuli ya matunda, akafungua kompyuta mezani, akanionyesha jedwali lenye rangi.

"Mama, nimekufanyia hesabu vizuri. Ukilipa kila unapokwenda, utatumia ada mia tatu na hamsini. Ukijiunga, mia nne na thelathini. Unapoteza themanini. Bora ubaki mgeni. Tena huna haja ya kuhangaika na fomu."

Nikavaa miwani. Mia tatu na hamsini gawanya kwa hamsini. Nimefundisha kugawanya miaka thelathini na minne, sihitaji jedwali.

"Hiyo ni miaka saba," nikamwambia.

"Ndiyo."

"Kwa nini saba?"

Akajikuna shingo. "Ni makadirio tu."

Nikashusha macho chini ya mstari wa juu. Kulikuwa na mstari umeandikwa, kwa herufi nyeusi, *Miaka ya kucheza iliyobaki*. Na mbele yake saba.

"Umeitoa wapi?"

"Mama, ni wastani."

"Wastani wa nani?"

"Wa wanawake wa umri wako. Tunazo takwimu kazini. Yaani si kwamba... Hiyo ni kucheza tu, Mama, si kuishi! Magoti, mgongo, vitu kama hivyo. Kuishi ni zaidi."

"Zaidi ngapi?"

Akaifunga kompyuta. Nilimwona akitamani sakafu ipasuke immeze. Damu ilikuwa ikinichemka, na wakati huo huo nilitaka kucheka, maana nilimzaa mimi huyu, nikampeleka shule, nikamkalisha kwenye meza hii hii kumfundisha wastani ni nini. Nikamwambia wastani maana yake wapo walio chini na wapo walio juu, na aliyemfundisha hilo ni mimi. Kisha nikaenda jikoni nikaosha vyombo vilivyokuwa safi.

Alipoondoka nikampigia simu shemeji kumuuliza kwa nini anatangaza mambo yangu. Hata hakuomba radhi.

"Shemeji, tusidanganyane," akasema. "Kijana amesema kweli. Sisi tumekula chumvi nyingi. Kwa umri huu mtu hanunui vitu vya miaka kumi na moja."

"Wewe una sabini na moja. Mbona ni mwanachama?"

"Mimi nililipa zamani."

"Kwa hiyo wewe ruhusa kuzeeka ndani, mimi nizeekee getini?"

"Sikusema hivyo."

"Umesema hivyo hivyo."

Akasema ada ya mgeni si mbaya, na mwakani mara sita zake zitaanza upya. Nikakata simu. Nilikuwa nimechoka. Nilichoka na watu wapole wanaonifanyia hesabu. Karani, katibu, mwanangu, shemeji, wote wananipenda, hakuna hata mmoja aliyenitukana, na wote wamekubaliana kwamba nilipe mara moja moja kwa sababu huenda wiki ijayo sitakuja. Hiyo ndiyo maana ya ada ya mgeni, ukiitazama vizuri. Ni bei ya mtu ambaye hategemewi kurudi. Ningeweza kuilipa. Sikuweza kuikubali.

Fedha nilikuwa nazo. Mzee aliacha akiba ya kujengea ukuta kuzunguka nyumba. Jumatatu nikaenda benki.

"Mama, ukuta je?" mwanangu aliuliza kwenye simu.

"Mwizi akija atakuta niko gofu."

"Lakini unapoteza ada themanini!"

"Nikiwa wa wastani."

Fomu ilitaka mdhamini. Shemeji akatia sahihi, midomo ameibana, akaniambia mimi mbishi tangu nilipoolewa. Nikamwambia ni kweli. Kamati ikakaa wiki tatu kujadili kama ninafaa, watu ambao nusu yao nimewahi kuwashinda, kisha ikaniandikia barua ya kunikaribisha. Ikanitaka nihudhurie nusu saa ya maelezo kwa wachezaji wapya. Nikahudhuria. Kijana mmoja alituonyesha lilipo shimo la kwanza.

Jumamosi yangu ya kwanza kama mwanachama kamili nilifika saa moja kasorobo. Nilivaa viatu vipya. Hakuna aliyefunga kikaratasi kwenye begi langu, na nilimsubiri shemeji pale mwanzo nikiwa nimesimama wima kuliko kawaida. Akafika saa moja. Saa moja na dakika tano ikanyesha mvua ya kutisha, ile ya kupasua madirisha, na robo saa baadaye king'ora kikalia. Uwanja umefungwa.

Tukakimbilia barazani. Karani akatoka na kipaza sauti chake akawaita wageni wote waliokuja na wanachama asubuhi ile waende kaunta warudishiwe ada zao. Wakapanga foleni, wakachukua, wakaondoka wakikimbia kwenye mvua na mabegi vichwani.

Shemeji akacheka mpaka akakohoa. "Angalia! Ungekuwa mgeni leo ungerudishiwa. Mwanachama harudishiwi kitu. Sasa ni miaka kumi na moja na wiki moja, shemeji!"

Nilikuwa na jibu tayari. Miezi mitatu nilikuwa na majibu tayari kwa kila mtu. Lakini karani akaja mezani kwetu, akainama, akaweka mbele yangu kadi iliyokuwa bado na joto la mashine.

"Hongera, Mwalimu. Yako ndiyo hii."

Nikaichukua. Mwanachama mkuu, na jina langu lote, na namba yangu mwenyewe. Na chini yake, pale ambapo kwenye kadi ya Mzee niliandikwa mimi, mashine iliandika *Mwenzi: Hakuna.*

Nikaisoma mara ya pili. Hakukuwa na wa kugombana naye hapo. Mfumo ulikuwa umesema kweli. Nilikuwa nimepigana miezi mitatu kurudi mahali petu, nimepiga kelele kwa kila aliyenisogelea, na kumbe mahali petu hapakuwepo tena. Palikuwa mahali pangu. Nikaanza kulia, kwa sauti, kama ambavyo sikulia msibani, maana msibani nilikuwa na wageni wa kuwahudumia.

Shemeji aliacha kucheka. Akaitazama kadi, akauona mstari ule, akaigeuza kifudifudi. Hakunipa nasaha yoyote. Alivua koti lake akaniwekea mabegani, akaagiza chai ya watu wawili, na ilipokuja naye alikuwa anafuta macho kwa kitambaa cha mezani.

Baraza lilikuwa tupu. Karani alipita na orodha yake kuangalia kama kuna mgeni aliyebaki. Akatufikia, akasita, akapita.

Mvua ilikatika saa saba mchana, uwanja ukafunguliwa. Nilimwambia shemeji ainuke, na kwamba siku hiyo nikimsikia akinitajia mabega nitampiga na fimbo.