Kombe la Tende

Mgeni aliyeingia sebuleni kwa Saido, Bordesley Green, Birmingham, hakupewa kiti kabla ya kuonyeshwa kombe. Lilikaa kwenye rafu juu ya televisheni, mahali palipokuwa na picha ya Makka. Picha ilisogezwa kando, na Saido alileta toba huku akipigilia msumari. Ndani ya kombe alijaza tende.

"Chukua, chukua," alikuwa akimwambia mgeni. "Sagal alilishinda mbioni akiwa na mafua. Sasa fikiria angekuwa mzima!"

"Nikishinda lingine, hooyo, tutaweka pilipili," Sagal alikuwa akimjibu mama yake, maana kwa utani hakuwa nyuma.

Basi siku moja chuo alikosoma Sagal kikamwita. Denise, mama mpole wa idara ya michezo, mwenye tabia ya kuinamisha kichwa upande kama anayesikiliza redio mbovu, alimsogezea boksi la tishu hata kabla hajaketi.

"Uchunguzi kuhusu Kocha wenu umekwisha," alisema. "Chuo kimewajibika."

"Kocha amefanywaje?"

"Aliacha kazi kabla ya kikao. Hayuko chini yetu tena, kwa hiyo hatuwezi kumwadhibu."

Sagal alijua aliko. Stechford, jimu iliyo nyuma ya stesheni, anafundisha watoto kuruka kamba. Picha yake imebandikwa dirishani, meno yote nje.

"Sasa mmemwadhibu nani?"

Denise akakohoa. Timu ya mbio za nyika imevunjwa. Matokeo yote ya miaka ya Kocha yamefutwa, majina yanang'olewa kwenye ubao wa mabingwa, na makombe yanarudishwa. "Ni kwa heshima ya wasichana aliowadhulumu," alisema.

"Kwa hiyo Kocha aliyekimbia ameachwa aende zake, na sisi tuliokimbia ndio hatukukimbia."

Denise hakucheka.

"Na hao wasichana, mliwauliza?"

"Majina yao ni siri, Sagal. Hata mimi siyajui."

Ni kweli hakuyajua. Kwa wachunguzi waliotoka nje ya chuo, Sagal aliandikwa Mwanafunzi wa Tatu, bila jina. Aliwaeleza kuhusu chumba cha kukandia misuli, mlango uliofungwa kwa ndani, na kauli ya Kocha kwamba bingwa hana haya. Aliwapa sharti moja tu, jina lisitoke. Angelitoa sasa hapo mezani, "Mimi ndiye, niachieni kombe langu," na kwa jinsi habari zinavyotembea Birmingham, ingemfikia Saido kabla yeye hajapata basi.

Na Saido asingestahimili. Mashangazi walipochachamaa, ati msichana wa Kisomali hakimbii barabarani na suruali, ni Saido aliyewanyamazisha. Ni Saido aliyekwenda chuoni na chupa ya chai na hotipoti ya sambusa, akamshika Kocha mkono na kumwambia, kwa Kiingereza chake cha kuungaunga: "Huyu nimekukabidhi. Ni mtoto wako sasa." Kocha alikula sambusa zote.

Sagal aliporudi nyumbani alimkuta mama yake akinywa chai na Kamla, Mhindi wa Kisumu anayeuza vitambaa Balsall Heath. Kombe lilikuwa katikati yao, tende hadi mdomoni.

"Chuo kinalitaka kombe," alisema, vile mtu anavyosema mvua inanyesha. "Matokeo yamefutwa."

"Haiya!" Kamla akarudisha tende aliyokwisha kuing'ata. "Si ndivyo wanavyowanyang'anya wale wakimbiaji wetu kule nyumbani, wakipimwa mkojo wakapatikana na dawa?"

"Nyamaza, Kamla."

"Mimi nasema vile naona kwa habari, Mama Sagal. Kombe hairudishwi bure."

Saido hakuwa akimwangalia Kamla. "Sagal. Ulimeza dawa?"

Sagal alifungua mdomo kutafuta utani. Siku zote ulikuwa papo hapo, unasubiri kuitwa tu. Siku hiyo haukuja.

"Ama ni yule Kocha?" Sauti ya Saido ilishuka. "Niambie, mamangu. Alikulazimisha?"

Sagal aliitazama ile mikono iliyombebea Kocha hotipoti.

"Hapana, hooyo. Kocha hakujua chochote. Nilinunua mwenyewe."

Kamla akakodolea zulia macho. Saido aliinuka, akamimina tende kwenye sahani, akaenda jikoni kulisugua kombe kwa sabuni. "Tusiwarudishie likinata," alisema. Kisha, bila kugeuka: "Na Kocha je?"

"Aliacha kazi."

"Kwa sababu yako."

Sagal akachukua kitambaa cha kukaushia kombe.

"Maskini mtoto wa watu. Nimempa msichana wangu amlee, msichana akamharibia jina."

Asubuhi kombe lilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki, na kando yake hotipoti, nzito. "Kombe la chuo, sambusa za Kocha," Saido alisema. "Mtafute popote alipo, umwombe radhi. Na hotipoti yangu irudi."

Chuoni, fundi alikuwa juu ya ngazi akifungua skrubu za ubao wa mabingwa. Denise alilipokea kombe kwa mikono miwili. "Wewe ndiye wa kwanza kurudisha. Wale wasichana wangejua, wangekushukuru."

"Nitawasalimia."

Safari hii Denise alicheka.

Basi la Stechford lilikuja, likafungua mlango, likaondoka. Sagal alibaki kwenye benchi la kituo, hotipoti mapajani, akaanza kula sambusa. Zilikuwa za nyama, zimejaa bizari, jinsi Saido anavyowatilia wageni wa heshima. Alipovimbiwa alipumzika, akaendelea. Njiwa walisogea, akawafukuza. Chakula cha mama yake hakitupwi.

Jioni, picha ya Makka ilikuwa imerudi mahali pake. Saido alipokea hotipoti, akafunua, akachungulia ndani.

"Alisemaje?"

"Alikula zote."

"Alhamdulillahi," Saido akasema, na kwa mara ya kwanza tangu jana yake akamtazama bintiye usoni. "Basi amekusamehe."