Huyu na Huyu

Kompyuta mpya ililetwa na binti wa marehemu pacha wangu, niliyemlea tangu ana miezi miwili. Aliinunua kwa mshahara wake wa kwanza, akaiweka pembeni ya cherehani yangu, akasema, "Mama mdogo, kesho nikishasafiri tutakuwa tunaonana humu." Nikashukuru. Moyoni nikasema, haya, makubwa.

Ile ya zamani ilikuwa na adabu zake. Ukiiwasha inawaka, ukiiacha inanyamaza. Hii, ala! Niko zangu nakata kitambaa, nageuka, skrini imejiwasha na marehemu ananitazama. Au labda ni mimi ninayejitazama, maana tulifanana mpaka kero. Nikaitupia kipande cha bitana, nikaendelea kushona huku nimeipa mgongo.

"Mbona umeifunika?" binti akauliza akicheka.

"Inanikodolea macho."

"Ni programu ya picha tu, mama mdogo. Inachagua za zamani inakuonyesha."

"Nani kaituma?"

Akavuta viti viwili, akanikalisha. Kumbe fundi aliyehamisha mafaili alizimwaga picha zetu zote mahali pamoja. Kwenye ile ya zamani nilikuwa nimezitenga, zangu huku, za pacha wangu kule. Programu hii haikujali mpangilio wa mtu. Ilikuwa inasoma nyuso, na kwetu sisi ilikuwa imesoma mtu mmoja, tena mwenye jina langu.

"Tuifundishe," binti akasema. "Ukiionyesha chache, zinazobaki itazitenganisha yenyewe. Nataka niondoke na picha moja ya mama. Moja tu, akiwa amenibeba."

Tangu utotoni aliniuliza habari ya picha hiyo, na siku zote nilimjibu kweli, kwamba haipo. Mama yake aliugua tangu alipojifungua, hakuinuka kitandani mpaka tulipomzika. Mimi si mtu wa kumung'unya maneno, wateja wangu wanajua. Gauni likikubana nakwambia umenenepa. Lakini kila nilipomwambia mtoto huyu "haipo", nilimwona anavyonywea, na iliniuma.

Programu ikaanza maswali. Nyuso mbili, na chini yake imeandikwa: Huyu na huyu ni mtu mmoja? Nikabonyeza hapana. Huyu yeye, huyu mimi. Mwanzoni nilikwenda mbio. Kisha zikaja za usichana, gauni moja, nywele zile zile, kicheko kile kile, nikasita. Aliyetujua bila kukosea ni mama yetu, naye hayupo tena. Mkono ukawa unabonyeza tu, nami najitia kujua. Mungu anisamehe, kuna nyuso nilizozitazama nisijue kama ni zangu.

Programu ikashukuru, ikaanza kupanga yenyewe. Picha zilihama mbele ya macho yetu, moja moja, bila mtu kuzigusa. Upande wa marehemu ukajaa. Nikamwona yupo kwenye mahafali ya binti, miaka mingi baada ya mazishi, kavaa gauni nililolishona kwa mikono yangu. Nikamwona kaketi kwenye cherehani hii hii, mwezi uliopita, na chini yake jina la pacha wangu. Upande wangu zilibaki za zamani, na ya mwisho ilikuwa ya mwaka ule aliokufa. Kwa hesabu ya kompyuta, aliyezikwa ni mimi, na aliyelea mtoto ni yeye.

"Hizi imekosea, bado inajifunza," binti akasema, akicheka. Mara kicheko kikakatika.

Mbele yake kulikuwa na picha ya mwanamke kasimama karibu na dirisha, kitoto kichanga begani, anamchekea anayempiga picha. Sikuwahi kumwonyesha picha hiyo. Nilikuwa nimeizika ndani kabisa ya kompyuta ya zamani, kwa sababu sikuwa na ubavu wa kuitazama.

"Amenibeba," akasema. "Mama mdogo, si ulisema haipo? Tazama, amenibeba!" Kisha akanigeukia, macho yamemtoka. "Au hata hii imekosea?"

Hiyo niliijua. Bega lile ni langu. Mtoto alikuwa ametoka kunicheulia maziwa, pacha wangu akacheka kitandani, akaomba kamera. Aliishika kwa mikono inayotetemeka akapiga, na hakupiga picha nyingine tena. Nami pale nilikuwa namchekea yeye.

Programu ikauliza: Huyu ni yeye?

Nikafungua mdomo nimwambie, kama nilivyomwambia miaka yote. Binti alikuwa kanishika mkono, kaukaza mpaka unauma. Kwa mkono uliobaki nikabonyeza ndiyo.

"Haijakosea," nikasema.

Akaisogelea skrini. "Mama," akaiita, taratibu, neno ambalo hajawahi kuniita mimi bila kulitia mdogo. Uso wangu ulikuwa unamtazama, unacheka. Nilitamani kuitika, nikauma midomo.

Akafuta machozi kwa ukingo wa kitambaa cha mteja, wala sikumgombeza.

"Na aliyempiga picha ni nani?" akauliza. "Ona anavyomwangalia. Alimpenda sana huyo mtu."

"Ni mimi," nikamwambia.