Yule Anayepita Nyuma

Kazi yangu pale karakanani ilikuwa kuharibu. Roboti ilichonga nakshi kwenye ubao wa kichwani mwa kitanda, maua na majani na ndege wawili wanaotazamana, na ilipomaliza mimi nilishika patasi nikautia ubao makosa. Jani moja livuke mstari, ndege mmoja awe na jicho kubwa kidogo kuliko mwenzake. Bosi aliiita kazi hiyo kuutia ubinadamu. Wateja wake walinunua kazi ya mkono, na mtu wa namna hiyo akiona kila jani limelingana na jenzake anaanza kuuliza maswali.

Ile roboti tuliipa jina la Bwana Harusi. Alishushwa kwenye lori amefunikwa shuka jeupe, na tangu siku ile kila mtu alikuwa wa kumhudumia: huyu amfute vumbi, huyu ampake mafuta, yule afunge dirisha asije akapata unyevu. Mafundi wakapungua mmoja mmoja mpaka nikabaki mimi na fundi wa kupaka vanishi, naye haongei kabla ya chai.

Ufundi wa Bwana Harusi ulikuwa wa mjomba wangu. Mjomba ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki, na ndiye aliyekuwa fundi mkuu wa karakana ile mpaka presha ya macho ilipomzimia taa. Alipoondoka, bosi alikusanya vitanda vyake vya zamani akavipitisha mbele ya jicho la roboti, kila mchoro, kila kina cha patasi. Mjomba hakuambiwa. Nani angemwambia? Yeye alikuwa chumbani kwake, amekaa kitandani, ananoa patasi zake huku akipapasa makali kwa kidole gumba, kana kwamba kuna mtu anamsubiri na ubao.

Patasi zile nilizitaka. Nisizungushe maneno: nilizitaka kuliko nilivyowahi kumtaka mwanamume yeyote. Nilipokuwa msichana mjomba alinifundisha kwa namna yake. Alisimama nyuma yako, akafunika mkono wako kwa mkono wake, mkasukuma pamoja mpaka mkono wako uzoee wenyewe. Kufundisha kwa mdomo hakukuamini. Wengine aliwashika miaka. Mimi alinishika msimu mmoja, akaniachia, akasema, "Mkono wako una haraka. Nenda kwenye msasa." Nikaenda. Nimepiga msasa hadi alama za vidole zimefutika. Alipokuja Bwana Harusi, bosi akahitaji mtu anayeijua patasi kidogo na asiye na jina la kulinda, akaniita mimi.

Basi nikaifanya kazi ile kwa moyo wote, na hapo ndipo mtakaponicheka. Sikuchanjachanja ovyo. Nilikaa mbele ya ubao, nikajiuliza fundi aliyechoka angeteleza wapi, na mwenye furaha angezidisha wapi. Kuna ndege mmoja nilimwinua shingo kidogo tu, akawa kama aliyesikia kitu nje. Nilimtazama asubuhi nzima. Nikasema huyu, lazima mjomba amshike huyu, na akishamshika atajua kwamba alikosea kuniachia.

Nikamwomba bosi ubao ule kwa siku moja, nikaufunga shuka, nikaubeba hadi nyumbani.

"Nimekuletea kitu cha karakanani, mjomba."

Akaulaza magotini. Mikono ikaanza pembeni, ikaingia kwenye maua, taratibu. Midomo ikamcheza.

"Nani kachonga?"

"Kuna kijana mpya."

Ningeweza kusema mashine. Neno lilifika ulimini likakwama hapo, maana uso wake ulikuwa umefunguka, na uso ule sikuwa nimeuona tangu macho yalipokufa.

"Huyu ana mkono wangu," akasema. "Shika hapa jani linapozunguka. Hapa mimi nilikuwa nashusha pumzi kwanza, ndiyo nasukuma. Na yeye kashusha! Nani kamfundisha?"

"Ametazama kazi zako."

"Kwa kutazama tu? Basi hilo si jicho, ni wizi!" Akacheka mpaka akakohoa. "Binti, nilijua nitaondoka bila kuacha mtu. Kila siku naomba nipate hata mmoja. Kumbe yupo, na nyie mnanificha."

Mpenda chongo huita kengeza, nikasema moyoni. Subiri afike kwa ndege.

Akafika kwa ndege. Kidole gumba kikasimama. Kikarudi nyuma, kikapita tena shingoni polepole, na uso ukajifunga.

"Na huyu nani?"

"Nani, mjomba?"

"Huyu anayepita nyuma yake. Hapa kuna watu wawili. Kijana kamaliza kazi yake safi, halafu kaja mwingine kamchokoa ndege shingo. Na hapa kwenye jani, ni yeye. Na hapa." Aliyapata yote. Mahali nilipokaa nikiwaza asubuhi nzima alipapata kwa kidole kimoja. "Huyu ana wivu. Hajui kuchonga, na hataki mwenzake ajue."

"Labda alitaka ndege aonekane anasikiliza."

"Asikilize nini? Huo ni ubao."

Nikanyoosha mkono kuuchukua ubao.

"Mwambie bosi amtoe mtu huyo," akasema. "Atamharibia kijana mkono."

Nikasema nitamwambia. Ungesema nini wewe? Nikimwambia kijana ni chuma, namnyang'anya mtoto aliyempata sasa hivi. Nikimwambia anayepita nyuma ni mimi, nitasikia jibu lake, na jibu hilo sikuwa na pa kuliweka.

Mjomba akainama, akavuta patasi zake chini ya mto, zimefungwa kwenye kitambaa cha mafuta.

"Mpelekee."

"Mjomba, mimi nilidhani..."

"Wewe usizitumie, utaniulia makali. Beba tu."

Kesho yake nililia njiani kwenda karakanani, mchana kweupe, watu wakinipisha. Nilikuwa na hasira na mzee kipofu, na hasira ya hivyo huna pa kuitolea.

Nilipofika nikaziweka patasi juu ya meza ya Bwana Harusi, kama nilivyotumwa. Ubao uliotoka siku ile sikuugusa. Wala uliofuata. Nilijidanganya kwamba namtii mkubwa, lakini ukweli nilikuwa nawatega wateja. Nilitaka arudi hata mmoja, apapase kitanda, aseme kuna kitu kimepungua. Nilitaka bosi aje mbio kunibembeleza nirudishe ubinadamu wake.

Hakurudi mtu. Vitanda viliondoka safi, vikalipiwa, vikapakiwa. Mama mmoja aliyekuja kumnunulia bintiye alipitisha kiganja juu ya majani, yote sawasawa, akamwambia bosi, "Hii ndiyo kazi ya mkono. Mtu unaona kabisa." Bosi akamtazama, halafu akanitazama mimi kwa muda mrefu. Hakuwa na hasira hata kidogo. Hapo nikajua nimemwaga unga.

Aliniita mwisho wa wiki, akaniaga kwa heshima zote. Patasi aliomba zibaki, akazipigilia ukutani karibu na mlango, wateja wazione wanapoingia. Sikubishana naye. Hazikuwa zangu, na mwenyewe aliyepewa hana la kusema.

Nikafika nyumbani mapema. Mjomba alikuwa amekaa kitandani, mikono juu ya magoti, haina cha kunoa.

"Alizipokea?"

"Alizipokea."

"Alisema nini?"

"Si msemaji, mjomba."

"Fundi gani msemaji!" Alifurahi kweli. "Na yule mwingine? Ulimwambia bosi?"

"Wamemtoa. Leo hii."

Akashusha pumzi ndefu, akajilaza, akanyoosha miguu kama mtu aliyemaliza kazi ya siku.

"Afadhali," akasema. "Sasa mwanangu atachonga kwa raha."

Nikamwambia ndiyo, atachonga kwa raha, nikaenda kuinjika maji ya chai.