Mota ya Kutambaa

Muuzaji wa vifaa vya magari ya rimoti alinichosha roho. Kila nikifungua mdomo, ananisukumia mota ya mizunguko mingi. "Hii inaruka, kaka." Nani kamwambia nataka ya kuruka? Gari letu ni la kupanda mawe. Nataka mota isiyo na brashi, ya mizunguko michache, yenye sensa, ianze taratibu bila kushtuka. Mwisho akaitoa kwenye rafu ya chini, imejaa vumbi.

Gari ni la Baba. Tangu apigwe na kiharusi, mkono wake wa kulia umekuwa ukirudi kidogo kidogo, ila mwenyewe haamini. Alitaka jambo moja tu: apandishe gari lake mpaka juu ya rundo la mawe pale uani, kwa mkono uleule. Akilipandisha, alisema, ataendelea na mazoezi. Akishindwa, basi tena.

Nikafunga mota, nikaenda kutengeneza friji za watu. Kumbe huku nyuma kapita shemeji, mume wa dada, fundi umeme wa majumba, mtu asiyeweza kuona waya akauacha. Niliporudi nyaya zote zimepangwa, zimebanwa, zinapendeza. Nikamshukuru, mjinga mimi.

Baba akashika rimoti. Kwenye jiwe la kwanza gari likashtuka, likarudi nyuma. Akajaribu tena, likashtuka, likapinduka magurudumu juu. Akaiweka rimoti kwenye kiti, akatugeuzia mgongo.

"Mkono huu umekufa," akasema. "Msinisumbue tena."

Nilifungua kifuniko cha gari huku masikio yanawaka kwa hasira. Waya mwembamba wa sensa haupo. Bila huo gari hutembea, tena hukimbia, ila likianza polepole linashtukashtuka. Akili ni nywele, na huyu shemeji kanyoa zote. Waya ulikuwa mfukoni mwa shati lake, maana fundi hatupi waya. Nikauchomeka, nikalipandisha gari mwenyewe mpaka juu, likitambaa kama kinyonga.

"Baba, tazama. Si mkono, ni waya."

"Umelirahisisha ili nifurahi. Usinifanye mtoto."

Sasa nifanyeje? Kila nilichosema alikisikia kama huruma. Nikamgeukia shemeji. "Mwambie uliuchomoa."

Shemeji hajawahi kukosea tangu azaliwe. "Waya ule hauna kazi," akafoka. "Nililijaribu koridoni bila huo, likaenda vizuri kabisa. Nimefunga umeme majumba mangapi, leo unisingizie kwa kigari? Usinitafutie lawama mbele ya mzee."

Akaendelea kujitetea mpaka jasho likamtoka. Nilitamani kumziba mdomo. Baba akageuka taratibu, akamsikiliza mkwe wake hadi mwisho.

"Kwa hiyo uliuchomoa kweli."

"Niliuchomoa, ndiyo, lakini mzee..."

"Nyamaza." Baba akaunyoosha mkono wa kulia. "Leteni rimoti. Na huyu asiguse kitu."