Kidole Kilichomwelekea Baba

Usiku wa jana niliota, na wa kulaumiwa ni Mama Generoza, jirani yetu wa upande wa kisimani. Alikuja jikoni jana asubuhi kuomba kaa la moto, akakaa, akalisahau kaa lenyewe. Akaniambia kwamba Jumapili, wakati wa sadaka, aliiona kwa macho yake mawili ile picha ya Siku ya Hukumu iliyo nyuma ya altare ikitikisika. Si picha yote. Kidole tu. Kilikuwa kimemwelekea baba yangu, kikamwacha, kikapita juu ya mabenchi ya wanawake kama kinachotafuta mtu, kisha kikarudi kwa baba.

"Kama nzi," alisema. "Anaruka, anarudi palepale penye kidonda."

Kidole hicho ni changu.

Mimi ni mtumishi nyumbani kwa Fundi Severini, mchoraji wa misheni. Napika, nachota maji, naosha brashi. Fundi alipopewa kazi ya kuichora Hukumu alikosa sura za watu, akachukua za kwetu. Tulikaa ghalani mmoja mmoja, kila mtu siku yake, na kila mtu akaondoka na chumvi iliyofungwa kwenye majani. Mimi aliniambia, "Nyamizi, nyoosha kidole, elekeza kwenye lile komeo la mlango. Usitikisike." Nikalielekeza komeo. Baba yangu, ambaye huchoma matofali ya misheni, alikuja siku nyingine akaambiwa ashike kichwa kwa mikono miwili kama mtu aliyesahau jambo. Alirudi nyumbani na chumvi yake akisema, "Nadhani nimekuwa nabii."

Picha ilipofunuliwa siku ya sikukuu, mimi nilikuwa malaika mwenye mabawa. Baba alikuwa motoni. Na pale penye komeo la mlango palikuwa na paji la uso wake.

Kwetu mtoto hamnyooshei mzazi kidole, hata kama anamwonyesha mgeni tu kwamba yule pale ndiye baba. Tena mimi nimerithi jina la mama yake, na tangu nizaliwe alikuwa akiniita Mama. Kwa hiyo parokia nzima ilimwona mama yake akimpeleka motoni. Alivaa kofia yake mlemle kanisani, akatoka. Tangu siku hiyo hajaniita kwa jina lolote, wala hajakanyaga hapa.

Jumapili ijayo askofu anakuja kuibariki picha, na ikishabarikiwa brashi haitaigusa tena. Nimekuwa nikitaka kumwomba Fundi akishushe kile kidole. Kila nikifika mlangoni kwake naulizwa kama chai iko tayari, nami nasema iko tayari, narudi jikoni.

Basi, katika ndoto nachambua maharage. Kidole changu cha shahada, cha mkono wa kulia, kinanyooka chenyewe, kinasema, "Mimi maharage basi."

"Kwa nini?"

"Nina kazi ya kanisa."

Nakikunja. Hakikunjiki. Mama Benigna, mke wa Fundi, anaingia, anakiona kimenyooka, anatundika birika juu yake.

"Hapa pazuri," anasema. "Nilimwomba Fundi anipigilie msumari tangu mwaka juzi."

Naenda ghalani na birika langu likining'inia. Fundi Severini amesimama mbele ya ukuta mweupe wa ghala, anauchora uwe ukuta mweupe wa ghala. Anakazana kweli, jasho linamtoka.

"Fundi, samahani. Naomba ukishushe kidole changu kabla askofu hajaja."

"Siku ile nilikuambia nini?"

"Nisitikisike."

"Mpaka lini?"

"Mpaka rangi ikauke."

"Haya. Imekauka?"

"Sijui, Fundi. Inakauka lini?"

"Ya wenye haki inakauka kwa juma moja. Ya wenye dhambi haikauki, nyekundu imezidi." Analitazama birika. "Chai iko tayari?"

"Iko tayari," nasema. Naona haya, kwa kuwa birika ni tupu na wote wawili tunajua.

Nafungua mlango wa ghala ili nitoke uani, natokea ndani ya picha. Mawingu yake ni mazito, yanashika nyayo kama ugali uliolala. Upande wa wenye haki wamepangwa vizuri kwa urefu, wameshika mikono kifuani. Mama Generoza yupo, safu ya nyuma, amechorwa kisogo tu.

"Nani huyo anapita?" anauliza. "Siwezi kugeuka, Fundi hakunichora uso."

"Ni mimi, Nyamizi."

"Nilijua. Nimesikia baridi ya kidole. Unakwenda motoni?"

"Ndiyo, Mama Generoza."

"Basi niletee kaa moja, mwanangu. Hili la asubuhi nililisahau kwenu."

Kwenye mpaka wa upande wa kushoto amesimama mbuzi wa Padre. Amevaa miwani ya katekista. Inamkaa vizuri.

"Unamtaka nani?" anauliza.

"Baba yangu."

"Ni yupi?"

Nataka kumtaja kwa heshima, jina lake na jina la baba yake. Kidole kinatangulia. Kinamwonyesha.

"Nimemwona," anasema mbuzi. "Sote tumemwona. Pita."

Baba ameshika kichwa kwa mikono miwili, ndivyo alivyochorwa, lakini mdomo uko huru na anausimamia moto. Wenye dhambi wanakimbia huku na huku kumtii. Wapo mpika pombe, fundi cherehani na mwizi wa kuku, kila mmoja amebeba gogo.

"Sogezeni hilo! Acheni nafasi upepo upite. Huu nao mnauita moto? Tofali halitaiva humu mpaka Krismasi. Nani alipanga tanuri hili?"

"Tulilikuta hivihivi, mzee," anasema mwizi wa kuku.

Napiga magoti. Mabawa yanakwama kwenye kuni, nayavuta.

"Shikamoo, baba."

Moto unanyamaza. Baba ananigeukia. Anainama kadiri rangi inavyomruhusu, mikono ikiwa bado kichwani.

"Shikamoo, Malaika," anasema.

Nataka kukataa. Nataka kuziba masikio. Lakini mdomo wa malaika umechorwa ukiwa wazi kidogo, na jibu lilikuwa limewekwa humo tangu siku ya kwanza. Linatoka lenyewe.

"Marahaba," namwambia baba yangu mzazi.

Wenye dhambi wote wanatazama chini. Fundi cherehani anajifanya anatafuta sindano. Mwizi wa kuku anakohoa.

"Jamani," anasema polepole, "hata sisi tuna mipaka."

Natamani moto ule ungekuwa moto wa kweli, lakini ni rangi tu, na uvuguvugu wake ni kama wa maji ya kuoshea mtoto.

"Baba, ni mimi. Mimi mama yako."

"Mama yangu alikuwa mfupi," anasema. Hana hasira. Anasema kama anayemrekebisha mtu aliyekosea njia. "Na mabawa hakuwa nayo."

"Sikujua kama ni wewe. Niliambiwa nielekeze komeo."

"Komeo," anasema baba. Anawatazama wenzake. "Mmesikia? Mimi ni komeo."

Mpika pombe anacheka, kisha anaona sura yangu, anaacha.

"Twende nyumbani, baba."

"Nimeshikwa," anasema.

Natazama. Ni kweli. Miguu yake imezama kwenye nyekundu mpaka vifundoni, na nyekundu haijakauka.

"Hiyo huachia kwa mafuta ya kitani, yale ya kuchanganyia rangi," anasema mbuzi kutoka kule mpakani, bila kuulizwa. "Yapo kwenye birika."

Natazama ndani ya birika. Yapo, yamejaa mpaka shingoni, na harufu yake nzito ile ya ghalani.

Nalishusha birika kwa mkono wa kushoto. Nachovya pindo la kanga, naanza kumfuta baba miguu, kisigino kwanza, halafu kidole kwa kidole. Nafuta kwa kushoto. Mkono wa kulia uko kazini. Kidole kimenyooka, kiko karibu kabisa na uso wake, karibu kumgusa pua. Baba amerudisha kichwa nyuma ili kisimwingie jichoni. Hivyo ndivyo ninavyomwosha baba yangu miguu, mbele ya watu, kwa mkono wa kujitawazia.

"Tazameni huko," mwizi wa kuku anawaambia wenzake. Wote wanageuka, wanatazama mawingu.

Mguu wa kwanza unatoka kwa mlio, kama mguu unaochomolewa kwenye udongo wa matofali. Kisha wa pili. Baba anashusha mikono kutoka kichwani. Anajinyoosha mgongo. Anaondoka bila ahsante.

Kidole kinamfuata. Akipita kulia, kinageuka kulia. Akizunguka nyuma yangu, bega langu linajipinda mpaka nalia. Anampita mbuzi, anakipita kile kisogo cha Mama Generoza, nami nazunguka pale pale kama mlango uliotoka bawaba, nikimwonyesha kwa kila aliye hai na aliyechorwa. Anageuka mara moja, anakiona bado kinamwelekea. Anaongeza mwendo, kama mtu aliyeanza kunyeshewa.

"Baba!" naita. "Si mimi!"

"Ni mimi," kinasema kidole. "Lakini mimi ni wako."

Niliamka nimekaa kwenye mkeka, bega linauma. Kulikuwa kumepambazuka. Mama Benigna alikuwa ananiita kwa sauti ya mtu aliyeita mara nyingi.

"Nyamizi! We Nyamizi! Toka, kuna mgeni."

Baba alikuwa uani, amekaa kwenye jiwe karibu na jiko la nje. Suruali ameikunja mpaka magotini. Alikuwa amechota jivu la jana na anajisugua mguu kwa nguvu, kati ya vidole. Hakunitazama.

"Mama Benigna," alisema, "ninyi mnaokaa na mchoraji, mafuta haya yanatokaje? Nimeamka nayo miguuni. Mke wangu kanifukuza kitandani, anasema nanuka kanisa."

Mama Benigna akainama, akanusa.

"Ya kitani hayo," alisema. "Umeyakanyaga wapi?"

"Sijakanyaga popote. Nilikuwa nimelala."

"Basi endelea na jivu. Maji hayayawezi."

Nikapiga magoti mbele yake. Mkono wa kulia niliuficha ndani ya kanga, nikaubana kwenye ubavu.

"Shikamoo, baba," nilisema. "Naomba unisamehe kidole changu."

Baba akachota jivu lingine, akaanza mguu wa pili.