Mguu wa Udongo wa Nikareta

Mkesha wa sikukuu ya mungu wa tiba, Nikareta, mfinyanzi wa Korintho, alipitiwa na usingizi mchana kweupe kando ya tanuri lake, moyo ukiwa mzito. Binti yake Filina alikuwa ameugua mguu mwaka mzima, hata kusimama hawezi, naye mama akaweka nadhiri: mtoto akiinuka, atapeleka hekaluni mguu wa udongo, kama wafanyavyo wote walioponywa. Filina akainuka. Anachechemea, lakini anatembea. Basi Nikareta akafinyanga mguu mzuri ajabu, ulionyooka sawasawa. Filina akautazama, akaondoka akichechemea.

Usingizi ukambeba hadi nchi ambako sadaka zote huenda kuishi. Macho ya udongo, mikono, masikio, hata matumbo, yalishuka bondeni kwa vigelegele, na kila kimoja kilikuwa na mwenyewe wa kukipokea. Mguu wake tu ndio uliozubaa kama kuku mgeni. Hakuna aliyeudai, ila bibi mmoja aliyejipamba mpaka shingo inamwelemea.

"Nipe mimi, shoga," akasema. "Naitwa Fahari. Kesho mji mzima utasema, ama kweli Nikareta ana mkono! Binti yako atazoea."

Nikareta nusura akubali, maana sifa ni tamu, nani asiyezipenda? Hapo akatokea mama mwingine, mikono imejaa unga, akasema jina lake ni Shukrani.

"Mwanangu, uliomba nini?"

"Filina asimame."

"Akasimama?"

"Kwa mguu uliopinda, mama."

"Basi huo uliopinda ndio uliopewa. Huu mwingine unamshukuru nani? Usiache mbachao kwa msala upitao."

Aliamka machozi yanamtoka, lakini kifua chepesi. Alielewa sasa: alikuwa amemwonea mwanawe aibu, akataka kumficha hata mbele ya mungu aliyemponya. Akauvunja ule mguu mzuri, wala hakuusikitikia. Akakanda udongo mpya, akamwita Filina.

"Kanyaga hapa, mama. Nataka niufinyange ulivyo."

Filina akasita. "Na watu je, hiyo kesho?"

"Watautazama. Nami nitawaambia ni wa binti yangu."

Filina akacheka, akaukanyaga udongo kwa uzito wake wote.