Farida na Kahawa ya Kutafuna

Nyumba ya Shangazi Mwajuma pale Rwamishenye haijawahi kukosa mgeni, na mgeni hajawahi kukosa la kusema. Mwaka wa pili sasa la kusema lilikuwa hilohilo: Farida, binti wa kaka yake, ana diploma ya kilimo na hana kazi.

"Bado ameinamia simu?" aliuliza jirani yao Kokuberwa, akijikunjia miguu mkekani.

"Anaandika blogu," alijibu Shangazi.

"Waitu! Na hiyo blogu inaliwa na ndizi au na maharage?"

Nyumba nzima ikacheka. Farida naye akacheka, maana ukinuna kwa Shangazi Mwajuma utasemwa mpaka Kitendaguro. Lakini cheko halikufika moyoni. Baba alikwishatoa kauli: mwezi ukiisha bila kazi, anakwenda Mwanza kuuza kwenye duka la mabati la baba mdogo. Duka si baya. Ila yeye alisomea kahawa, na kwenye blogu yake aliandika kahawa tu: kupogolea mibuni, kuanika juu ya vichanja, dawa ya wadudu. Kwenye kila barua ya maombi ya kazi aliyotuma, aliambatanisha anwani ya blogu hiyo. Kimya.

Ndipo akaandika kuhusu kahawa ya kutafuna, ile ambayo mgeni hupewa kabla hajaulizwa kilichomleta. Akaeleza kama alivyofundishwa chuoni: chuma zilizoiva tu, nyekundu.

Jibu lilikuja kabla ya adhuhuri. "Dada, umezaliwa Kagera kweli? Kahawa ya kutafuna huchumwa ingali kijani. Njoo Kamachumu ufundishwe. Ni mimi Lilian, naandika kwa niaba ya mama mkwe wangu, Ma Anatolia, ambaye bado anacheka."

Hadi jioni, mkeka mzima ulikuwa umelisoma.

"Mbona hukuniuliza mimi?" Shangazi alifoka.

"Nilikuuliza, Shangazi. Ulikuwa unasimulia harusi ya Hamidi."

"Futa, mwanangu," Kokuberwa akashauri. "Futa kabla baba yako hajaona."

Farida alishika simu, akaisoma tena habari yake. Hakufuta. Jumamosi alipanda basi kwenda Kamachumu.

Ma Anatolia alimpokea kwa kicheko kilekile kilichoahidiwa, akamtia kahawa kiganjani, kisha akampeleka kwenye chungu. Siku mbili Farida alichuma za kijani, akazichemsha na majani ya harufu ambayo bibi alimtajia moja moja kwa Kihaya, akazikausha, akaunguza vidole. Aliporudi aliandika habari mpya yenye kichwa "Nilikosea", picha ikiwa mikono ya Ma Anatolia. Ile ya zamani akaiacha hapohapo, chini yake akaandika: msifuate hii.

Ilibaki wiki moja mwezi uishe, simu ikaita.

"Wewe ndiye yule aliyekosea?" Sauti nzito ya mwanamume.

"Ndimi, baba," alijibu Farida.

"Mimi Byabato, mwenyekiti wa chama cha wakulima hapa Muleba. Lilian ndiye katibu wetu, kanionyesha maandishi yako. Mama, maafisa kilimo wanaojua kila kitu wameshatupitia wengi. Wakulima wamechoka. Tunataka anayekwenda kuuliza. Jumatatu utaweza kuanza?"

Farida alisema ataweza. Alipokata simu alikaa chini kwenye kizingiti, akalia, akamshukuru Mungu, akamshukuru na Ma Anatolia kwa kumcheka.

Jumapili mkeka ulijaa hadi uani. Farida alifungua kifurushi cha kahawa kutoka Kamachumu, kilichofungwa kwa majani makavu ya mgomba, akampa Kokuberwa kwanza, kwa mikono miwili.

Kokuberwa akatafuna polepole, macho kayafumba. "Kasinge, hongera, mwanangu. Kumbe blogu inaliwa."

Shangazi Mwajuma alikuwa tayari anamweleza mgeni wa mlangoni kwamba ni yeye aliyemtuma mtoto Kamachumu. Farida alimsikia. Akamwachia, akamwongezea na kahawa.